Zamu ya Alfajiri

Baba alipofariki sikulia. Siku ya nne baada ya mazishi nilirudi Same, nikafungua kompyuta, nikaendelea na kazi pale nilipoachia. Watu walisema nina moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia vibaya kanisani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kijijini kwetu, upande wa Myamba. Ndiva yetu, bwawa linalokinga maji ya mlimani usiku kucha, hufunguliwa asubuhi, na kila nyumba ina zamu ya masaa matatu kwa wiki. Kila msimu watu waligombana: huyu kazidisha, yule kapunjwa. Baba alikuwa bado hai kamati ya ndiva iliponiomba niwatengenezee mfumo wa mtandaoni. Msimamizi wa ndiva aliandika kwenye daftari saa ya kufungua lango na saa ya kulifunga, maana kule bwawani mtandao haushiki, kisha jioni akaziingiza kwa simu. Mfumo ulitoa saa ya kufungua kwenye saa ya kufunga ukapata muda. Aliyezidisha alirukwa zamu zinazofuata mpaka masaa yalingane. Kamati ilifurahi kwamba sasa hakuna wa kubishana naye.

Msimamizi ni mzee wa watu, aliandika saa kama tunavyozisema: saa mbili asubuhi ni 2, saa tano ni 5. Nililijua hilo nikaliacha. Kutoka mbili hadi tano ni masaa matatu, uanze kuhesabu alfajiri au usiku wa manane. Na kama saa ya kufunga ingekuwa ndogo kuliko ya kufungua, niliuambia mfumo uchukulie kwamba siku imegeuka, uongeze masaa ishirini na manne. Ni mstari mmoja wa programu. Nilijiona fundi.

Sasa, kwenye ndiva yetu nyumba iliyofiwa hupewa zamu ya kwanza kwa mwaka mzima, alfajiri, maji yakiwa bado mengi, ili mfiwa amwagilie kabla ya jua kali na kabla ya macho ya watu. Hakuna mwingine anayefunguliwa mapema hivyo. Baada ya mazishi mama alipewa zamu hiyo. Lango lilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri, likafungwa saa mbili asubuhi. Mzee akaandika 11, akaandika 2. Mfumo ukaona siku imegeuka, ukamwandikia mama masaa kumi na matano badala ya matatu. Akarukwa zamu nne.

Mimi sikujua. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu.

"Mahindi yanaendeleaje, mama?"

"Hayajambo, mwanangu."

Dakika mbili, tukaagana. Niliona raha kwamba haongei sana, kwa sababu na mimi sikuwa na la kusema.

Wiki ya tano nilipanda nyumbani. Mahindi ya majirani yalikuwa ya kijani. Ya kwetu yalikuwa yametoa mbelewele yakakaukia hapo hapo, majani yamejikunja. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Maji vipi?" nikamuuliza.

"Nimerukwa. Nilizidisha."

"Nani amesema?"

"Mfumo wako."

Nilifungua simu palepale. Nilipoona ile kumi na tano sikuhitaji kuuliza kosa liko wapi. Nilisubiri uchungu uje. Haukuja. Nikatembea mpaka kwa msimamizi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Mzee, si ulikuwepo pale?"

"Nilikuwepo, na nilifunga kwa mkono huu huu. Masaa matatu, basi. Nikamwambia mama yako twende kwa kamati, nitasema mimi. Alikataa katakata. Akaniambia nikifungua mdomo tusisalimiane tena."

Nilirudi nikamkuta mama bado na maharage yake. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, maana hasira ndiyo pekee iliyokuwa bado inafanya kazi ndani yangu.

"Ningesema mfumo umekosea, wangeuliza aliyeutengeneza ni nani," alisema. "Baba yako ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, mpeni mwanangu, anaweza. Nilikuwa nimemzika juzi tu. Nimwaibishe tena?"

Kesho yake, baada ya ibada, nilisimama mbele ya kamati nikasema kosa ni langu, si la mama wala la mzee. Hakuna aliyenigombeza. Kurekebisha kulinichukua dakika kumi. Kamati ikaamua mama arudishiwe zamu zake zote nne, kuanzia Jumatatu.

"La kuvunda halina ubani," nilimwambia mama usiku ule. "Wape majirani hayo maji."

"Wametupa kwa heshima ya baba yako," alisema. "Hayakataliwi."

Jumatatu alfajiri nilimfuata shambani. Lango lilifunguliwa, maji yakashuka mferejini. Mama, khanga kiunoni na jembe mkononi, akayaelekeza mstari baada ya mstari, akiziba hapa na kufungua pale, hakuruka hata shina moja. Mabua yalikuwa makavu kiasi kwamba yalivunjika alipoyagusa. Hakuharakisha. Nilisimama kando na simu, nikaandika mwenyewe saa ya kufungua, na jua lilipokuwa limepanda nikaandika saa ya kufunga.

Mfumo ulitoa masaa matatu kamili.