Damu Mbili Dirishani

Dada yangu aliporudi kutoka India na kovu la upasuaji wa moyo kifuani, alikuwa mzima kuliko mimi. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kumiminika Mbinga. Alipalilia shamba la mumewe kule Mapera, akala ugali na usipa, dagaa wa kwetu ziwani, mpaka nikamwonea wivu. Ila valvu ya chuma aliyowekewa ilisikika ikigonga, ti, ti, ti, tukinyamaza kusali. Watoto walimkimbia.

Kila mwezi nilimsindikiza hospitali ya misheni. Daktari alimtoa damu, akaisimamisha dirishani katika mrija mwembamba, tukasubiri saa nzima kuona inavyotuama. Ikishuka polepole, heri. Ikishuka mbio, mwilini kuna kitu ambacho bado hakijajitokeza.

Siku hiyo ilishuka mbio.

“Mama, unalazwa leo,” daktari akasema. “Damu hii inaonyesha kuna wadudu wanaanza kushika kwenye moyo. Homa itakuja siku si nyingi. Tukiisubiri, utakufa.”

Dada hakuwa na joto, hakuwa na hata chafya. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyasa, huyu kajuaje? Sisi tumelelewa ufukweni mwa ziwa. Huko, mtu akikutajia ugonjwa ambao haujafika, unajiuliza ameutuma lini. Hata mimi mwili ulinisisimka, nisiseme uongo. Lakini niliogopa zaidi kumzika.

“Dada, acha ujeuri. Lala.”

“Haya,” akajibu, safari hii kwa Kiswahili ili daktari asikie. “Kwetu anayekukaribisha pombe anaonja kwanza. Na yeye atoe damu yake, isimame pale pale. Ndipo nitalala.”

Aibu niliyoiona, jamani! Daktari akacheka tu, akakunja mkono wa shati. Mrija wa pili ukasimama kando ya ule wa kwanza.

Tukakaa kwenye benchi. Nje wagonjwa waliotoka Mbuji walikuwa wakipiga soga. Mle ndani ilisikika valvu tu. Damu ya dada ikafika ilipofika. Ya daktari ikaipita. Ikazidi kushuka, juu yake yakabaki maji ya njano matupu. Daktari akausogelea mrija wake, akaugonga kwa ukucha. Hakucheka tena.

“Umeridhika, mama?”

Dada akavua viatu, akapanda kitandani.

Homa ilikuja kweli, ikamkuta ameshaanza sindano. Akapona. Katika wiki zile alizolazwa, daktari alikonda mbele ya macho yetu. Wakampeleka Dar es Salaam, na kabla ya msimu wa kuchuma kahawa tukasikia amefariki.

Nilimweleza dada kwamba ugonjwa ule daktari alikuwa nao siku nyingi, mrija uliuonyesha tu. Nilieleza mpaka koo likanikauka. Alikuwa jikoni anachambua maharage, mikono ikasimama.

“Ni mimi niliyetaka damu yake itolewe,” alisema. “Mdogo wangu, nimemfanya nini mtoto wa watu?”