Mpaka Uliopita Shambani kwa Mama

Mume wangu alipata uenyekiti wa kijiji kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Baba yake alitoka ukoo wa juu ya mto, mama yake ukoo wa chini, na koo hizo mbili zilikuwa zinagombea mashamba ya bondeni. Kila ukoo ulikuwa na mgombea wake, mkali, mwenye mdomo. Wazee wakaona wakimpa mmoja wao, mapanga yatatoka. Wakampa huyu mpole wangu, ambaye hata ukimuuliza anataka ugali wa mtama au wa muhogo, anajibu vyote sawa. Jibu hilo lilikuwa likinichosha mno. Kumbe ndilo lililomfikisha ofisini.

Kazi aliifanya vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Hakuamua jambo kwa kuambiwa tu. Alimfuata kila mtu nyumbani kwake, akakaa, akanywa uji, akasikiliza mpaka mwisho. Suala la bondeni alilipitia boma kwa boma, juu na chini ya mto. Kisha akatangaza kwamba mpaka utapita katikati, kila upande upoteze kidogo.

Boma moja tu hakuingia: la mama yangu. Kwetu mwanamume hakai pamoja na mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja hupita pembeni. Pamoja na cheo chake, hakutaka kuitwa mtu asiye na adabu. Na hapo katikati ya bonde ndipo lilipokuwa shamba la mama, mjane, ambaye hakuwa na lingine.

Siku ya kupanda mikonge ya mpaka, mama akaja akasimama ndani ya mtama wake. Mume wangu akageuka haraka, akampa mgongo. Watu wakacheka. Mama akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia yeye:

"Mwambie mwenyekiti, wenzangu kawakata kucha. Mimi ananikata mkono."

Mume wangu hakugeuka, macho kwenye mto.

"Mwambie mama," akasema, "nikiukunja mpaka kwa ajili yake, kesho watu watauana."

Nikamwambia mama, ingawa alikwisha kusikia. Nilikuwa na hasira. Mikonge ikapandwa, nusu ya shamba ikaenda.

Watu hawakupigana. Uchaguzi uliofuata koo zote mbili zilimpa kura, zikisema huyu hana upendeleo, hata mkwewe hakumhurumia. Mimi nilimpigia mpinzani wake, mtu nisiyempenda hata kidogo, kisha nikaenda kwa mama.

Nilimkuta analima kipande kilichobaki.

"Ameshinda?" akaniuliza.

"Ameshinda."

Akainama, akachuma mgagani mwingi, akautia kwenye kanga yangu.

"Kampikie. Leo atakuwa amechoka."

Nililia njia nzima.