Lundo la Pamba Chumbani kwa Maganga

Kaka yangu Maganga alipooza kuanzia kiunoni mwaka themanini na tisa, mkokoteni wa ng'ombe ulipompitia mgongoni. Kitanda cha kamba kilimtia vidonda makalioni. Miguu ilikuwa ya baridi muda wote, ingawa mwenyewe hakuihisi. Mkojo nao ulimtoka bila yeye kujua, na alikwishakataza jambo hilo lisitajwe kabisa, hata mbele ya watoto.

Aliyepata dawa ni wifi yangu Milembe. Kila mavuno alimlaza juu ya lundo la pamba chumbani, akatandika turubai na kanga, kisha akamfukia miguu kwa pamba nyingine. Vidonda vikakauka. Enzi hizo lori la ushirika lilichelewa mpaka Septemba. Wakulima wenzetu walitukana, sisi tukishukuru kimoyomoyo, maana baridi iliisha Maganga akiwa bado juu ya pamba.

Halafu soko likafunguliwa. Mwaka tisini na tano wanunuzi binafsi walianza kupita nyumba kwa nyumba tangu Juni, wakilipa papo hapo. Kijiji kizima kilifurahi. Mimi niliwachukia, lakini tungekula nini bila kuuza?

Rodgers, mnunuzi kutoka Bariadi mjini, alikuja asubuhi. Tulimhamishia Maganga kwenye ngozi ya ng'ombe pembeni mwa chumba, mlango ukiwa wazi. Rodgers akazamisha mkono ndani ya lundo, akautoa umelowa. Turubai lilikuwa limetoboka bila sisi kujua.

"Mayu, hapa mmetia maji izidi uzito!" alimwambia Milembe kwa sauti, akimwita mama kwa Kisukuma. Wizi wa namna hiyo ulikuwa umeenea mwaka ule, na majirani walikuwa wamejaa uani wakisubiri zamu zao.

Milembe alimtazama mumewe. Maganga akageuzia uso ukutani.

"Ni mimi," Milembe akasema. "Nilitia maji."

Rodgers alifungasha mzani wake, akaenda kuwaonya wenzake. Msimu ule hakuna mnunuzi mwingine aliyekanyaga kwetu. Kanisani walimwondoa Milembe kwenye uongozi wa kwaya. Kisimani wanawake walinyamaza kila alipofika na ndoo yake. Salu, binti yao mkubwa, akaacha shule.

Jioni ya siku ile aliyokuja Rodgers tulitoa pamba iliyolowa, tukamrudisha Maganga juu ya lundo. Milembe alimfukia miguu taratibu, kama kawaida yake.

"Unapata joto, baba Salu?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Nilimkasirikia mno kaka yangu, nikatamani kumzaba kofi vile vile alivyolala. Neno moja tu lingetosha, na mdomo alikuwa nao. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyefua kanga alizolalia kila siku, kwamba asubuhi ile nilisimama hatua mbili kutoka kwa Rodgers, na kwamba nami sikusema kitu.