Spika ya Redio ya Baba

Panya walitafuna karatasi ya spika ya redio ya baba mwaka uleule aliopofuka. Ilikuwa redio ya mbao, aliyoinunua kwa fedha za pamba kabla sijazaliwa, na ikifunguliwa vikombe vilitetemeka kabatini. Baba alikuwa haoni tena ng'ombe wake wala sisi. Alibakiwa na hiyo redio, nayo sasa ilikuwa inakoroma tu.

Niliibeba kichwani hadi sokoni Bariadi. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka yamejaa redio za plastiki kutoka Dubai. Fundi alinicheka mbele ya wateja.

"Dada, mzinga huu una asali? Nunua mpya, acha kujitesa."

Nikamwambia mzee anataka hiihii. Akachomoa spika kwenye redio kaseti mbovu, ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, akaifunga kwa waya katikati ya lile tundu kubwa. Ikaongea. Nilirudi nyumbani nina furaha.

Baba alisikiliza kidogo. Akanyoosha mkono, akapapasa mbao zote, hata ile pembe iliyobanduka.

"Sanduku ni langu," akasema. "Aliyemo ndani simjui."

Nilimweleza kwamba sauti imekuwa nyembamba kwa sababu spika ni ndogo, na vingine vyote ni vilevile. Hakukubali. Kwake yeye nilikuwa nimeuza matumbo ya redio mjini, nikamrudishia ganda.

"Mume alikushinda, ukarudi kula kwangu. Sasa unaniibia kwa kuwa sioni."

Aliwaambia hivyo wote waliokuja kumsalimu. Mama alikaa pembeni akichambua mboga. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, baba asife akiniita mwizi.

Redio nyingine ya aina ile ilikuwa kwa mtani wake, upande wa Mwanhuzi. Walizinunua pamoja msimu mmoja. Ukoo wao na wetu ni watani, na mtani akikutukana unacheka. Ukikasirika umeiaibisha nyumba yenu. Nilipanda lori la mizigo nikaenda.

Redio yake ilikuwa imekufa zamani. Ilikuwa jikoni, imefunguliwa mgongo, kuku anaatamia ndani. Lakini spika ilikuwa nzima, pana, na sumaku yake nzito.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mtoto wa kipofu. Amekufa?"

"Bado."

"Basi mbona umekuja mapema?"

Nilipiga magoti nikamweleza yote, hadi maneno aliyosema baba. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe naye akacheka akishika mlango.

"Spika nitaileta mwenyewe siku ya kumzika. Mwambie afanye haraka, kuku wangu amebanwa humo ndani."

Nilicheka, kama inavyotakiwa. Niliomba tena. Akaniuliza kama huko kwetu wanawake wote walioachika wanatembea wakiomba vyuma. Nikacheka tena, nikaondoka mikono mitupu.

Nilipomsimulia baba, alicheka. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka. Kisha akageukia ukutani.

"Yeye angalau ananinyima waziwazi," akasema.

Alikufa kabla ya mvua. Hakuwa amebadilisha neno.

Mtani alikuja na spika shingoni, ameifunga kwa kamba ya katani. Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, alifumba macho, akapapasa mbao zake taratibu, akaipandisha spika mdomoni na kusema kwa sauti ya baba yenyewe:

"Sanduku ni langu! Aliyemo ndani simjui!"

Watu walicheka wakaanguka. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka huku machozi yakiwatoka. Yalikuwa maneno niliyompa mimi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Nami nilicheka. Kisha akaivua kamba, akanivika mimi.

Matanga yalipokwisha niliipeleka kwa fundi. Safari hii hakucheka, aliona nimenyoa kichwa. Nilipoifungua redio nyumbani, vikombe vilitetemeka kabatini.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga. Alisimama akasikiliza hadi taarifa ya habari ikaisha.

"Kumbe ni ileile," akasema. "Kumbe hukuiuza."

Akarudi jikoni kusonga ugali. Muda wote ule nilidhani ni baba peke yake.