Chungu cha Bibi na Mbuzi Asiye na Hatia

Chungu cha Bibi nilikivunja mimi, wala si mbuzi. Nimemsingizia mnyama yule miaka zaidi ya thelathini, na kila ninaponusa masizi yaliyolowa maji, harufu ya jiko la Bibi kule Uru, mashavu hunichoma.

Wakati huo wenzake walishahamia kwenye sufuria. Bibi peke yake aliendelea kupika kiburu, ndizi na maharage, katika chungu cheusi chenye alama za kucha shingoni. Hakuna aliyejua alikitoa wapi. Sokoni, jirani yetu Mama Felista aliwatania wanawake wa Kahe, waliopanda kwetu mlimani kutoka tambarare na magadi na vyungu: "Hao wala kambare! Nuseni mikono yao!" Bibi alicheka kuliko wote. Nami nikajifunza kucheka.

Likizo moja walikuja watafiti wa mambo ya kale, wakachimba shimo la mraba katikati ya migomba yetu kwa miiko ya waashi na brashi. Walitaka kujua watu wa kale wa mlimani walikuwa akina nani, na walibadilishana nini na wa tambarare. Kwa siku kadhaa walipata mawe tu.

Ndipo nilipokichukua chungu, nilichokatazwa hata kukigusa, nikaenda kuteka nacho maji mferejini. Kikaniponyoka. Vipande vidogo vilikwenda na maji. Kile cha shingo nilikizika ndani ya shimo la watafiti. Kwa akili zangu, pale walikuwa wameshamaliza kuchimba.

Asubuhi kiongozi wao, tuliyemwita Dokta, alipiga kelele: "Kigae cha Kahe! Tazameni kucha hizi!" Majirani wakajaa. Bibi akakipokea, akakinusa, akanigeukia.

"Chungu changu kiko wapi?"

"Mbuzi amekivunja, Bibi."

"Mbuzi huyu aliyefungwa?"

"Alikata kamba. Halafu akarudi mwenyewe."

Mama Felista alicheka mpaka akashika mgomba. Bibi hakucheka wala hakunichapa. Alimrudishia Dokta kigae, akaingia ndani.

Nilipofika chuo kikuu aibu ikakomaa. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kitabu mahali fulani kinachofundisha historia ya Uru kwa uongo wangu. Bibi alikwisha kufariki, na mbuzi pia. Mwezi uliopita nikapata namba ya Dokta, mzee mstaafu sasa, nikampigia.

"Shikamoo, Dokta." Nikaungama yote. Alicheka hadi akakohoa.

"Mama, tulijua siku ile ile. Kigae kizima kilinuka kiburu! Jioni bibi yako alikuja kambini. Akasema, 'Msiandike kuwa ni cha kale. Nilipanda nacho kichwani siku niliyoolewa. Alikifinyanga mama yangu. Mimi ni mtu wa Kahe.' Akatuomba tusikuaibishe."

Kicheko kile cha sokoni, kikubwa kuliko vyote, nilikisikia upya, na safari hii nikasikia kilichokuwa chini yake. Nikakumbuka pia kwamba baada ya likizo ile Mama Felista hakuwatania tena wanawake wa Kahe. Nilidhani ni uzee.

"Kuna mtu mwingine aliyemsikia?"

"Jirani yenu, yule mcheshi. Alikuwa ametuletea ndizi."

"Akasemaje?"

"Alitazama miguu yake. Halafu akamsogezea bibi yako kigoda, akamwuliza kambare hupikwaje."