Filamu ya malaya iliyoliliwa Mbarara, Nakivale nikaigeuza kichekesho

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita, nacheka, naondoka. Leo naandika kwa sababu ya ule uzi wa juzi kuhusu filamu ya malaya iliyochukua tuzo huko nje. Nimesoma comment zote. Wapo waliosema ni uchafu, wapo waliosema ni kazi bora, na mmoja akaandika kwamba filamu kama ile ukiwaonyesha wakimbizi, watu wa kambini, watacheka tu, hawana uelewa.

Mkuu, mimi niliwaonyesha watu wa kambini. Si hiyo yenu, ni nyingine ya namna hiyohiyo.

Na kweli walicheka. Nataka niwaambie kwa nini. Sitapamba kitu. Mkifika mwisho mtaona kwamba kama ningekuwa mtu wa kudanganya, ningejipendelea hata kidogo.

Kiswahili changu mnivumilie, mimi Mkongomani wa upande wa Uvira, nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha Mrundi mmoja anaitwa Nestor. Kwa msio wa Uganda: unakaa pembeni ya screen na maiki, filamu inazungumza lugha yake, wewe unaipunguza sauti na kuwaambia watu kinachosemwa. Wanakuita VJ. Na VJ mzuri haishii kutafsiri. Anaongeza chumvi, anatania, anaita wahusika majina ya watu wa hapo mtaani. Watu walikuwa wanakuja kunisikiliza mimi kuliko kuangalia filamu. Nilijulikana. Nilikuwa natembea sokoni naitwa kila upande.

Kifaransa nilifundishwa na dada yangu, Yaya Feza.

(Kwetu "yaya" ni dada au kaka mkubwa, sio mlezi wa watoto. Msije mkachanganya.)

Tulivuka mpaka tukiwa wawili tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye kumi na tisa, ameachia shule darasa la mwisho. Tulipewa kiwanja, tukalima mahindi na maharagwe. Mvua ilipogoma na posho ya chakula ikapunguzwa, Yaya akaniambia amepata kazi ya hoteli mjini Mbarara.

Miaka sita alikuwa anaenda na kurudi. Anashuka Rwekubo, senta ya karibu na kambi, na mfuko: sabuni, sukari, madaftari, viatu vyangu vya shule. Nilimaliza sekondari kwa mgongo wake.

Sikuwahi kuuliza ni hoteli gani.

Nikaanza kukua, nikaanza kuona. Hoteli haina jina. Simu haipokelewi jioni. Siku moja amerudi na jicho limevimba, anasema ameteleza jikoni. Nilijua, wakuu. Nilijua kama unavyojua kitu ambacho hutaki mtu akuambie.

Baadaye akaacha. Akarudi kambini moja kwa moja, akafungua meza ya dagaa sokoni, akaingia kwaya ya kina mama kanisani. Na Papa Musafiri akamwona. Huyu ni shemasi wa kanisa letu, mkewe alifariki, mtu mpole sana. Akaleta wazee, wakakubaliana, ndoa ikaanza kutangazwa kanisani.

Sijawahi kumwona Yaya na furaha kama miezi ile. Alikuwa anaimba huku anachambua dagaa.

Sasa ndipo filamu ikaja.

Rafiki yangu anayesoma Mbarara alinialika kwenye ukumbi mmoja mjini, kuna filamu inaonyeshwa bure halafu watu wanajadili. Ni ya Kifaransa, imetoka Afrika Magharibi, imetengenezwa na watu wachache kwa kamera moja, lakini imepata sifa hadi Ulaya. Inamhusu mwanamke anaitwa Mireille anayejiuza karibu na bandari, kwenye nyumba ya kulala madereva wa malori.

Ukumbi ulikuwa kimya kama watu wako kwenye mtihani. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini, watu wanasoma. Mama mmoja mbele yangu alilia hadi akavua miwani. Ilipoisha walisimama wakapiga makofi. Kwenye mjadala yakasemwa maneno makubwa makubwa, utu, heshima, sauti ya wasio na sauti.

Mimi mwenyewe nilitoka nimeguswa. Nilimfikiria Yaya njia nzima. Nikawaomba waandaaji nakala ili nikaionyeshe Nakivale, wakafurahi sana, wakanipa kwenye flash.

Nilikuwa na wazo moja la kijinga. Nilitaka Yaya aione. Kwa vile sikuweza kumwambia kwa mdomo wangu kwamba najua na sina neno naye, filamu ingemwambia.

Nikamwambia, "Yaya, Jumamosi saa nane njoo kwa Nestor. Kuna filme nzuri ya mwanamke mmoja anapambana na maisha."

Akaja. Amevaa kitenge kipya, amekuja na kina mama wanne wa kwaya. Wakakaa benchi ya tatu.

Kibanda kilijaa. Wengi walikuja kwa jina langu, hawakujua ni filamu gani. Walizoea za vita na ngumi.

Nikaanza vizuri. Dakika ishirini za kwanza nilitafsiri neno kwa neno, kwa adabu. Lakini filamu ile inaenda polepole. Watu wakaanza kujigeuzageuza. Mmoja akapiga mluzi. Wawili wakatoka. Nestor akanijia sikioni: "Bwana, sema maneno! Watu wanaondoka."

Kuna sehemu mteja ametoka, Mireille anaweka beseni chini na kuosha miguu. Anaosha tu, muda mrefu, haongei. Halafu rafiki yake anaingia, anamwambia, "Leo nimeoga mara tatu, na bado nasikia harufu yake."

Mbarara, pale ndipo yule mama alivua miwani.

Mimi nikavuta maiki nikasema, "Shoga, yule wa leo alikuwa bingwa! Nipe namba yake, nisije nikamkosa!"

Kibanda kikalipuka. Watu walicheka wakapiga mabati.

Wakuu, nikiwaambia kicheko kinalewesha mniamini. Waliotoka wakarudi. Nikaongeza. Nikampa Mireille sauti ya kubana puani. Ilipofika sehemu mama yake Mireille anamkatalia kukaa kwenye mkeka na wenzake, nikasema mama anaogopa mkeka utashika mimba. Watu wanalia kwa kucheka.

Katikati ya kicheko Yaya akasimama. Sikumwona vizuri mwanzoni, niliona kivuli cha kichwa kwenye screen.

Akasema, "Hakusema vile."

Nikashusha maiki.

"Hakusema vile," akarudia. "Minasikia Kifaransa. Tafsiria batu vile anasema."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mwalimu anayemrekebisha mtoto. Sauti ileile aliyonifundishia.

Jamaa mmoja anayeuza vitambaa sokoni akapaza sauti kutoka nyuma: "We mama, unamutetea juu ya nini? Unamujua?"

Mwingine: "Labda balitumika kazi moja kule Mbarara!"

Nafikiri yule wa pili alitania tu. Hakujua kitu. Kila mwanamke aliyewahi kufanya kazi mjini anataniwa hivyo. Yaya angecheka, angemtukana kidogo, angekaa, na ingekuwa imeisha.

Lakini alishindwa kujibu. Alibaki amesimama. Kina mama wa kwaya wakamwangalia. Halafu wakaangaliana.

Akanigeukia mimi. Nilikuwa na maiki mkononi. Ningesema neno lolote. Ningesema, "Huyo ni dada yangu, mheshimuni." Ningezima mashine.

Nikasema, "Haya jamani, tumpishe Mama Mireille akae, tuendelee!"

Nilitaka kupunguza mambo. Naapa nilitaka kupunguza mambo.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile.

Yaya alichukua kitambaa chake cha kichwa kilichoanguka benchini, akatoka taratibu, anawaomba watu njia. Hakuna mama hata mmoja aliyemfuata. Na mimi nikaendelea kutafsiri. Robo saa ya mwisho Nestor aliikata, akaweka ya vita.

Jina lile halikuondoka. Jumatatu watoto wanaochota maji walikuwa wanaliimba. Sokoni mtu anakuja mezani kwake: "Mama Mireille, dagaa wa leo ni bingwa?" Maneno yangu, wakuu. Yalitoka kwenye maiki yangu.

Kiongozi wa kwaya alimwambia apumzike kwanza kuimba mpaka maneno yatulie.

Papa Musafiri hakwenda kwake. Alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi, akaniuliza kwa upole:

"Mutoto wangu, sitaki maneno ya batu. Wewe ndiye ndugu yake. Ile hoteli alikuwa anatumika kazi, inaitwa namna gani?"

Nilitafuta jina. Jina lolote la hoteli ya Mbarara, nazijua nyingi. Mimi ninayetunga maneno ya watu wazima saa mbili mfululizo bila kupumua, nilikosa jina moja la uongo la kumwokoa dada yangu.

Akaniangalia, akatikisa kichwa. "Asante," akasema. Akaondoka.

Jumapili ile ndoa haikutangazwa.

Yaya alikaa wiki tatu zaidi. Hakunigombeza. Alinipikia, akanifulia. Siku moja nimetoka shambani nikakuta meza ya dagaa imegeuzwa miguu juu ndani ya nyumba, na mfuko wake haupo.

Simu ikawa haipatikani. Baada ya miezi miwili nikaenda Mbarara kumtafuta. Niliulizia kwa Wakongomani mjini, aibu imenijaa, mpaka mmoja akanielekeza kwenye baa moja yenye vyumba nyuma. Ilikuwa saa sita mchana. Askari wa getini, Mnyankole, mwenyeji wa huko, akanisimamisha.

"Wewe nataka nani?"

"Feza. Ni dada yangu."

Akanitazama juu mpaka chini. "Hapa wote iko dada ya mtu, sebo. Ngoja."

Alitoka amejifunga kanga, uso haujapakwa kitu. Amekonda. Tulikaa nyuma, kwenye ngazi ya jikoni. Nilipiga magoti, akaniinua kwa nguvu, akasema nisimtie aibu mbele ya watu wake wa kazi.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilikuwa najua, Yaya."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu sekondari."

Akasema, "Basi ulikuwa unajua na ukasema vile."

Nilianza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

Baadaye akaniuliza kitu ambacho sikutegemea: filamu iliishaje? Yeye alitoka haijaisha.

Nikamweleza, taratibu, bila kuongeza neno. Mireille yuko kwenye basi anarudi bandarini. Pembeni yake kuna mama amebeba mtoto, na mtoto wa pili amelala akaangukia bega la Mireille. Kituo chake kinafika. Hashuki. Anakipita, ili asimwamshe mtoto. Filamu inaishia hapo, basi linaendelea kwenda. Nikamwambia Mbarara watu walisimama wakapiga makofi.

Yaya akatazama chini. Akasema, "Ni uongo."

"Uongo gani?"

"Mama ya ule mutoto angemutoa. Angemutoa mbio. Kwani hajui ile mwanamuke ni nani?" Akacheka kidogo bila furaha. "Mwenye kufanya ile filme alitupenda. Lakini yeye hatujui sisi."

Kisha akaitwa ndani, akaingia.

Nilirudi Nakivale nimeamua. Jumamosi kibanda kimejaa, kabla ya filamu nikashika maiki. Nikasema, "Ndugu zangu, yule mliyemwita Mama Mireille ni dada yangu wa tumbo moja. Alinilea. Maneno niliyosema siku ile hayakuwemo kwenye filamu, niliyatunga mimi. Naomba mnisamehe, na yeye mmrudishie jina lake."

Watu wakageuka kuniangalia.

Halafu yule wa vitambaa akapiga makofi akasema, "VJ, leo umeanza na moto!" Wakacheka wote. Walidhani ni utani mpya. Nikarudia, nalia. Wakacheka zaidi, mmoja ananiiga kulia. Nestor akabonyeza filamu ikaanza.

Niliweka maiki juu ya spika, nikatoka. Sijashika maiki tena. Sasa nalima.

Kwa hiyo mkuu uliyeandika kwamba watu wa kambini hawana uelewa, nakujibu kwa heshima. Filamu ilikuwa ileile. Mbarara walisoma maneno ya Mireille, kwetu walisikia ya kwangu. Wangesikia "nimeoga mara tatu", pale kulikuwa na kina mama wengi wangenyamaza, na wengine wangejua kwa nini wamenyamaza. Mimi sikuwapa nafasi. Niliogopa benchi zitabaki tupu.

Nilichojifunza ni hicho tu: ukipewa kusema kwa niaba ya mtu, sema alichosema. Hata kama wanatoka nje.

Mnaotaka kunitukana, tukaneni, nitasoma zote. Ila nina ombi moja. Yaya sasa anapokea simu. Wiki iliyopita nilimuuliza kama akipata fasi, mahali pengine pa kuanza upya, atakubali. Hakusema hapana.

Kama humu kuna mtu anaishi Oruchinga, ile kambi nyingine ya hapa Uganda, naomba aniambie soko lao likoje, kama mama mgeni anaweza kupata meza ya dagaa. Na uniambie kweli, mkuu: huko kuna mtu wa Nakivale anayefika, atakayelijua lile jina, au la?