Mbuzi Watatu Waliopelekwa Kilungu

Mwangangi, ndugu mdogo wa baba yangu, alimwua baba kwa mdomo mwaka wa 1966. Baba akaendelea kuishi miaka ishirini na mmoja.

Naandika haya kwa mkono wangu. Sikusomeshwa. Wana wanne wa Mwangangi walikwenda shule pale Zombe, mimi nikawachungia ng'ombe. Herufi nilizijulia ngumbaru nikiwa mtu mzima, na sababu yake nitaisema.

Baba, jina lake Muthama, aliondoka Zombe mwaka wa 1961 kwenda Bulgaria kusomea udaktari wa mifugo. Nilikuwa na miaka mitatu. Mama yangu, Mbinya, hakujua kusoma, kwa hiyo barua zilikuja kwa jina la Mwangangi, aliyekuwa mwalimu na msomaji wa Neno kanisani. Jumapili baada ya ibada aliketi kwenye kigoda akatusomea. Alisoma vizuri. Sauti yake ilifanana na ya baba, na mama alikuwa akifumba macho. Jumapili moja akasoma kwamba Muthama amekufa kwa homa ya mapafu na ameshazikwa huko huko. Wiki iliyofuata akatangaza kanisani. Mama akanyoa nywele.

Miaka ya mbele mashamba yalipokuja kupimwa, mama akauliza fungu la mumewe. Mwangangi akawageukia wazee wa ukoo.

"Mume yupi? Kuna aliyeona mbuzi wa ntheo?"

Kwetu Ukambani mbuzi watatu wa ntheo ndio ndoa. Wakishapelekwa kwa baba wa msichana, huyo ni mke, na akifa atazikwa kwa mumewe. Wasipopelekwa, aliishi na mwanamume tu, na watoto ni wa babu yao mzaa mama. Mbuzi wa mama walitembezwa kutoka Zombe mpaka Kilungu siku nne, wakiswagwa na watu wawili: baba na Mwangangi. Wa kwanza alikuwa ameuawa kwa mdomo. Wa pili alikuwa amesahau. Babu aliyewapokea alikuwa marehemu, na watu wa Kilungu hawakusikilizwa kwa kuwa ni upande wa mwanamke.

Tukafukuzwa. Mama alifia Kilungu mwaka wa 1984, akazikwa ukingoni mwa shamba la kaka yake, pale njia ya miguu inapopita, kama mpita njia. Kabla ya kukata roho aliniambia, "Ndila, mimi nina kwangu." Hayo tu.

Mwaka wa 1991 nilikwenda Zombe kwenye matanga. Kasyoka, mke wa Mwangangi, akanipa mbegu za kunde ndani ya bahasha kuukuu. Hadi leo sijui kama alikosea au alikuwa amechoka kunyamaza. Sikujua kusoma, lakini stempu za namna ile nilizijua tangu utoto. Nikampelekea pasta wetu wa Kilungu.

"Imepigwa mhuri 1979," akasema. Akaigeuza. "Na aliyeituma ni Muthama. Dada Ndila, huyu si marehemu baba yako?"

"Pasta, wewe ndiwe unayejua mambo ya ufufuo. Niambie wewe."

Bahasha ilikuwa na mahali alipokaa: mji wa Plovdiv, huko Bulgaria. Mimi ni msukaji wa vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, na mwaka wa 1993 kanisa moja la huko, lililokuwa limeanza kupumua baada ya Wakomunisti kuondoka, liliwaalika wanawake watatu wa kikundi chetu kuuza vyondo kwenye maonyesho. Mwenyekiti wetu alinikataa.

"Wewe hujui hata Kiingereza."

"Kiondo kinajua? Na kila siku kinafika Ulaya."

Wakacheka, nikaandikwa.

Siku ya tatu Plovdiv, Mtanzania mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, Rehema, akanipeleka kwenye nyumba ile. Ghorofa ya nne, pilipili nyekundu zimetundikwa kwenye roshani. Aliyefungua mlango alikuwa na paji la uso langu. Rehema akamweleza. Mwanamke yule akaniangalia, akarudi nyuma, akasema neno.

"Dada," Rehema akaniambia, "anauliza kama wewe ni mzimu. Anasema Ndila alikufa akiwa mdogo."

"Mwambie mzimu hauli mkate wao mgumu siku tatu. Yeye anaitwa nani?"

Mwanamke akajigusa kifua. "Ndila."

Ndila lilikuwa jina la mama yake baba. Jina nililopewa mimi, baba alimpa huyu, kwa sababu kwake nilikuwa nimekwisha. Niliketi chini sakafuni. Baba alikuwa amekufa 1987. Naye simwachilii bure: angerudi kuona hata makaburi yetu, angekuta hayapo.

Ndila wa pili akaleta kisanduku cha barua za Mwangangi. Zilikuwa za Kikamba. Wabulgaria wana herufi zao, lakini yeye alizijua za kwetu kwa kuwa aliwahi kusoma Kifaransa; ila Kikamba hakujua neno. Mimi nilijua Kikamba, herufi sikujua. Basi akasoma asichokielewa, polepole, kama mtoto anayeruka mawe mtoni, nami nikasikia. Barua ya 1966 ilisema mimi na mama tumekufa kwa surua. Na ya 1962 ilisema hivi: "Mkweo hadi leo analalamika kwamba mmoja wa wale mbuzi watatu wa ntheo tuliompelekea mimi na wewe alikuwa na sikio lililopasuka. Nimemwambia mbuzi haliwi kwa sikio."

Nilimwomba arudie mara tano.

Niliporudi na barua ile sikukimbilia Zombe. Nilikwenda ngumbaru. Miaka miwili nilikaa kwenye benchi na wazee wenye miwani, nikafuatisha a, e, i kwa kidole. Nilikuwa nimeapa hakuna mtu atakayenisomea tena.

Mwaka wa 1995 wazee wa ukoo wakaitwa. Nikampa Mwangangi barua ya 1962.

"Baba mdogo, tusomee. Wewe ndiwe msomaji wa nyumba hii."

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ile nzuri: salamu, mvua, ng'ombe aliyezaa, salamu tena. Akaikunja.

"Umeruka mistari minne," nikasema.

"Tangu lini mwana wa Mbinya anajua mistari?"

Nikaichukua, nikaweka kidole, nikasoma. Nilikwama kwenye neno "sikio", nikalirudia. Mzee Muli, mkubwa wao, akamwuliza, "Mwangangi, huu si mkono wako?" Mwangangi akavua miwani, akaitia mfukoni.

Wazee wakasema yamethibitika, lakini yeye ni mzee sasa, nisimwaibishe. Wakanipa kipande cha shamba kando ya mto mkavu. Nilikataa. Sikupanda ndege kutafuta mchanga.

Katika boma la baba pale Zombe nimezungushia mkonge mahali pa urefu wa mtu mmoja. Wana wa Mwangangi waling'oa mara mbili, nami nikapanda mara tatu. Mama bado yuko njiani Kilungu. Wazee wamekwisha sema lao, siwadai. Mwangangi ndiye ninayemdai: asimame kanisani, pale pale alipomzika baba kwa mdomo, aseme kwa mdomo huo huo, "Mbinya alikuwa mke wa Muthama. Mbuzi niliwaswaga mimi." Kisha ashike jembe, afungue ardhi ndani ya mkonge wangu, tumlete mama kwake.